Sabuni iliyofika Iringa nusu chupa

SWALI: Shikamoo dada. Natengeneza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hapa nyumbani Ipagala, Dodoma, nauza kwa stetasi ya WhatsApp na Instagram. Wateja wa mjini nawapelekea kwa bodaboda, sijawahi kupata lawama. Mwezi uliopita nilipata oda ya chupa 24 za nusu lita kwenda Iringa. Nilizijaza mpaka juu ili mteja asione nimempunja, nikaweka kipande cha nailoni chini ya kila kizibo, nikazungushia selotepu, nikazipanga kwenye boksi la biskuti na kulikabidhi stendi ya Nanenane. Zilipofika, saba zilikuwa zimevuja, mbili kati ya hizo zimebaki nusu, boksi limelowa na kuchanika, na begi la abiria mmoja limeingia sabuni. Mteja nimemrudishia hela yake. Kinachoniumiza ni kwamba kabla ya kutuma nilizijaribu: nilijaza maji chupa tatu nikazigeuza juu chini, hazikutoa hata tone. Nimekosea wapi? Ninunue boksi gumu zaidi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Boksi liache kwanza. Ungepata gumu kuliko lile, lingefika zima huku sabuni imemwagika ndani yake.

Kilichokudanganya ni lile jaribio la maji. Maji yana mvutano juu yake unaoyafanya yajikusanye kuwa tone, kwa hiyo yakikuta mwanya mwembamba yanaweza kukaa pale pale yasipite. Sabuni inaupunguza mvutano huo. Ile nguvu inayoipenyeza chini ya mafuta yaliyoganda kwenye sufuria ndiyo inayoipenyeza kwenye mwanya wa kizibo chako. Chupa iliyoshika maji haijakuambia lolote kuhusu sabuni. Jaribu kwa sabuni yako mwenyewe, mchanganyiko ule ule utakaouza.

Mimi somo hili lilinigharimu. Nilipoanza, nikikaa Nkuhungu, nilituma chupa 12 kwenda Singida. Zikalowesha begi la jirani kwenye buti la basi, na ndani ya begi mlikuwa na gauni la kipaimara la mtoto wa watu. Mama yake alipata namba yangu kwenye lebo akanipigia. Hakunitukana. Aliniuliza tu ile rangi ni ya nini na kama itatoka. Ilikuwa ya kijani. Mpaka leo nikifunga kizibo namkumbuka mama yule, kwa sababu yeye hakununua kitu kwangu.

Sasa chukua chupa mojawapo iliyovuja, ioshe, ikaushe, kaa nayo mlangoni penye mwanga. Pitisha ncha ya kidole kwenye mdomo wa chupa, taratibu, kama unayetafuta mwiba. Chupa hizi hutengenezwa kwa kupulizwa ndani ya kalibu la vipande viwili, na pale vipande vinapokutana hubaki mstari. Mstari ukipanda mpaka juu ya mdomo, unakuwa kama uzi uliolala chini ya kizibo, na sabuni itapita kando ya uzi huo. Ukiuhisi kwa kidole, chupa hiyo si ya safari. Mwuzie mteja wa Ipagala.

Kisha funga kizibo ukihesabu mizunguko. Hapa ndipo wengi wetu tunaponaswa, kwa sababu tunanunua chupa kwa huyu na vizibo kwa yule. Upana unaweza kuwa mmoja na bado visiendane. Kuna shingo za 28/400 na za 28/410: hiyo 28 ni upana kwa milimita, na namba ya pili inaeleza urefu wa shingo na zile nyuzi zinazoizunguka. Ya 400 ina kama mzunguko mmoja, ya 410 kama mmoja na nusu, na shingo yake ni ndefu zaidi. Ukikivisha kizibo kirefu cha 410 kwenye shingo fupi ya 400, sketi ya kizibo, yaani ukuta wake wa pembeni, inagota begani mwa chupa kabla mdomo haujagusa kisahani kilicho ndani ya kizibo. Mkononi utahisi kimekaza kabisa, kumbe kilichokaza ni sketi. Kukijua ni rahisi: paka mdomo wa chupa rangi ya mdomo kidogo, funga, fungua, angalia ndani ya kizibo. Ukiona duara kamili, vinaendana. Duara likikatika mahali, au usipoona alama yoyote, umepata jibu la chupa zako saba.

Na nailoni itoe. Najua tumeizoea, na mafuta ya alizeti hufungwa hivyo miaka yote. Lakini nailoni ikikunjwa chini ya kizibo inaacha mikunjo, na kila mkunjo ni mfereji mdogo. Zaidi ya hapo, sabuni ikishaifikia inateleza, na mtikisiko wa gari unakilegeza kizibo kidogo kidogo. Kinachotakiwa pale chini ni kisahani laini cha povu kinachokuja na kizibo chenyewe, au foili.

Foili nazungumzia ile ya alumini yenye tabaka la plastiki upande wa chini. Unaiweka ndani ya kizibo, unafunga, kisha unaweka juu yake mashine ndogo ya mkononi inayotumia umeme. Mashine inapasha foili tu, kizibo hakiungui, na lile tabaka linayeyuka na kushikana na mdomo wa chupa. Mteja anakuja kuibandua mwenyewe. Muuzaji akuambie foili ni ya plastiki gani, kwa sababu foili ya chupa namba 2 haishiki vizuri kwenye chupa namba 1. Hizo namba zipo kwenye pembetatu chini ya chupa. Zile foili za kubandika kwa gundi bila moto ziachie unga na vidonge. Wengine hutumia pasi ya nguo. Nimeona midomo ya chupa ikipinda kwa pasi, siishauri. Mashine ikiwa ghali, changeni watu watatu au wanne mnaofanya kazi moja. Kwangu mimi hakuna pesa ya sabuni iliyowahi kutumika vizuri kuliko hiyo.

Foili ikishashika, rudia kukaza vizibo, maana joto huvilegeza. Hata bila foili, vikaze tena kesho yake asubuhi: plastiki iliyokazwa jana hulegea yenyewe usiku. Usikaze kwa hasira lakini. Kizibo kikiruka jino mara moja, kitupe. Selotepu ukiitumia, izungushe upande ule ule wa kufunga, ili ikivutika ivute kizibo kukaza.

Kuhusu kujaza mpaka juu, naielewa nia yako, ni ya uaminifu. Ila chupa isiyo na nafasi ya hewa ikikandamizwa na gunia la karanga haina pa kunywea, nguvu yote inakwenda kwenye kizibo. Acha kama mililita 25 hadi 30, vijiko viwili vya chakula. Na usimpunje mtu: nunua chupa ambayo ikijazwa pomoni inachukua 530. Ujazo wa chupa upime kwa maji na mizani ya jikoni, maana gramu moja ya maji ni mililita moja. Sabuni iache ilale usiku mzima povu litulie ndipo ujaze, vinginevyo unapima povu.

Safari yenyewe pia iangalie. Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Basi linashuka Mtera, kwenye mita 700 hivi, halafu linapanda Nyang'oro mpaka Iringa, juu ya mita 1,500. Hewa ya kule juu ni nyepesi, kwa hiyo ile uliyoifungia Ipagala inasukuma kutoka. Ongeza joto la buti: hewa iliyofungwa asubuhi ikiwa nyuzi 20 ikifika nyuzi 45, msukumo wake umepanda kwa asilimia 8 hivi. Chupa ikiwa imelala, kinachosukumwa nje ni sabuni. Ukituma Dar es Salaam ni kinyume, zitafika zimebonyea mbavu. Hilo si kosa la kurudisha hela, mweleze mteja mapema.

Kabla ya oda nyingine fanya hivi. Chukua chupa sita zilizojaa sabuni, zilaze juu ya karatasi ya kaki usiku kucha. Kaki haifichi, hata tone dogo litaacha doa. Zilizopita, ziweke ndani ya boksi lililofungwa, juani, kuanzia saa sita mpaka saa tisa, zikiwa zimelala. Halafu liinue boksi mpaka kiunoni uliachie kwenye sakafu ya saruji: kwa kitako, kwa juu, kwa ubavu mrefu, kwa ubavu mfupi, na kwa kona. Hili la kuangusha sikulibuni mimi. Amazon, duka la mtandaoni la Marekani, huwapa wauzaji wake wa vimiminika jaribio kama hilo, mara tano kutoka futi 3. Ikivuja moja kati ya sita, usitume 24.

Ukishafaulu hapo, ndipo tuzungumzie boksi. Lile la biskuti lilitengenezwa kubeba vitu vyepesi. Nusu lita 24 ni zaidi ya kilo 12. Gawa mara mbili, chupa 12 kila boksi, weka vigawanyo vya kadibodi ili chupa zisigongane, na magazeti makavu chini. Mishale ya "juu huku" chora, lakini jiandae kwamba litalazwa.

SWALI: Mbukwenyi. Niko Manyoni, nauza maji ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Nimeweka foili kwenye chupa kama tulivyoshauriwa na wenzetu, sasa chupa zinavimba dukani kama puto na moja imepasuka mdomo. Ni foili mbovu?

JIBU: Mbukwa, kaka. Foili imefanya kazi yake, tatizo ni kwamba klorini haitaki kufungiwa namna hiyo. Maji yale huvunjika yenyewe polepole na kutoa gesi ya oksijeni, na joto na mwanga huharakisha. Yanahitaji kizibo kinachopumua, chenye kitundu kilichozibwa kwa utando unaopitisha gesi na kuzuia maji. Chupa iwe namba 2, isiyopenya mwanga, na dukani ikae kivulini. Kichwa cha kupulizia chenye springi ya chuma kitaliwa na kutu. Usipopata kizibo kinachopumua, uza Manyoni hapo hapo, chupa zikiwa wima, mtandaoni uache kwanza. Na nakusihi, usijaze klorini kwenye chupa iliyokuwa na dawa ya choo yenye asidi, hata kama umeisuuza. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaumiza mapafu ya mtu aliyefungua tu kizibo.

SWALI: Dada, mimi ni wa Kondoa. Chupa tupu za maji ya kunywa zinapatikana kwa bei ya bure na vizibo vyake havivuji. Kwa nini nisizitumie kwa sabuni?

JIBU: Kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hasomi lebo. Anaijua chupa ile, ameshainywea, na sabuni yako ina rangi ya juisi. Pia kizibo kile kilitengenezwa kufungwa kiwandani mara moja. Ukikifunga tena, pete yake imeshakatika na mteja hawezi kujua kama kuna aliyefungua kabla yake. Kama bei ya chupa mpya inakulemea, anza na madumu mapya ya lita 5. Kizibo kimoja cha kulinda badala ya kumi, na akina mama lishe watakununulia kwa dumu.