Maswali ya Wasomaji: Albamu ya Kumbukumbu kwa Printa ya Nyumbani

Barua za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini. Waandishi wake wanajitengenezea wenyewe albamu za harusi, kipaimara na mahafali kwa printa ya wino, na karibu kila tatizo walilotuandikia linaanzia kwenye karatasi.

Nimenunua karatasi ya picha inayong'aa, gramu 230. Rangi zinatoka vizuri, ila suti nyeusi ya bwana harusi inafutika nikipitisha kidole, hata kesho yake. Je, wino ni feki? (Uyole, Mbeya)

Usiulaumu wino kwanza. Printa nyingi za tangi, zile zinazojazwa wino wa chupa, zina wino wa namna mbili: mweusi wa chembechembe, na wa rangi ulioyeyuka kabisa majini. Ulioyeyuka huzama ndani ya utando, yaani tabaka jembamba la kunywa wino lililopakwa juu ya karatasi ya picha. Chembe nyeusi hubaki juu, kama masizi kwenye sufuria, ndiyo maana zinakuja na kidole. Printa haioni karatasi uliyoipa, inaamini ulichoiambia. Ukiiachia mpangilio wa karatasi ya kawaida, inamwaga ule mweusi wa chembe.

Kabla ya kuchapa, fungua mipangilio, nenda kwenye aina ya karatasi, chagua karatasi ya picha inayong'aa, kisha ubora wa juu. Printa nyingi hapo huuacha mweusi wa chembe na kuchanganya samawati, majenta na njano kupata weusi. Suti inaweza kuelekea ukahawia kidogo, lakini haitafutika.

Ikiendelea kufutika, angalia mambo mawili. Kwanza, upande: lowesha kidole kidogo, gusa kona ya karatasi, upande unaonata ndio wenye utando. Pili, karatasi yenyewe. Kuna karatasi zinazong'aa zilizotengenezwa kwa printa za leza, na stesheneri huziweka rafu moja na hizi zetu. Hizo hazinywi wino hata ukizianika wiki nzima. Soma pakiti: iwe imeandikwa "inkjet", yaani ya printa ya wino.

Nataka kurasa za albamu ziwe za karatasi iliyotengenezwa kwa mkono, ile ya kinyesi cha tembo ya karakana ya Neema Crafts ya hapa Iringa. Maandishi yanasambaa, na karatasi inakwama. (Iringa)

Karatasi hiyo ni nzuri sana kwa albamu, ila haina utando. Nyuzi zake huvuta wino kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, na wino wa rangi husambaa nazo. Wino mweusi wa chembe, ule ule uliomsumbua msomaji wa Uyole, ndio utakaokufaa wewe, kwa sababu chembe hukaa zilipotua. Kwa hiyo weka mpangilio wa karatasi ya kawaida, chagua kuchapa kwa nyeusi tu, ubora wa kawaida. Ubora wa juu huongeza wino, na wino mwingi ndio unaosambaa. Herufi ziwe nene, saizi 14 kwenda juu. Kama printa yako haina mweusi wa chembe, andika kwa kalamu.

Kuhusu kukwama: ilaze karatasi chini ya vitabu vizito usiku mzima, kisha ipanguse kwa brashi laini ili nyuzi zilizolegea zisiingie kwenye kichwa cha wino. Ikate iwe ndogo kidogo kuliko A4, ibandike juu ya manila nyembamba ya A4 kwa selotepu kwenye ukingo unaotangulia kuingia, na uipitishe trei ya nyuma, moja moja. Trei ya mbele hukunja karatasi karibu nusu duara. Kama printa yako ina trei ya mbele peke yake, usijaribu kabisa.

Picha za rangi zichape kwenye karatasi ya picha isiyong'aa, kisha uzibandike kwa selotepu ya pande mbili. Gundi ya maji huifanya karatasi ya mkono ivimbe na kujikunja.

Picha zilikuwa safi. Nimeziweka kwenye albamu ya plastiki siku hiyo hiyo. Baada ya wiki tatu kuna ukungu, na mbili zimegandia. (Tukuyu, Rungwe)

Pole sana. Picha inaweza kukauka juu huku ndani bado ina unyevu, kwa sababu wino una vimiminika vizito, kama gliseroli, ambavyo huchelewa kuliko maji. Ukizifungia, mvuke huo hugeuka ukungu kwenye plastiki. Kwa hewa ya Rungwe wakati wa mvua, subira lazima iongezwe.

Tandaza picha mezani bila kuzipandanisha kwa nusu saa. Zifunike kwa karatasi nyeupe ya kawaida, moja kwa kila picha, na uibadilishe ikianza kujikunja. Saa 24 zinatosha kiangazi. Wakati wa mvua ngoja siku mbili hadi tatu. Usizisogeze karibu na jiko la mkaa: joto huzikunja, na gesi zake hupausha wino wa rangi. Na nusa plastiki ya albamu. Ikiwa na harufu kali ya kitambaa kipya cha plastiki cha mezani, ni PVC, aina ya plastiki laini. Ndiyo hugandia picha. Tafuta ya polipropilini, aina nyingine ya plastiki.

Zile zenye ukungu zitoe, zikaushe siku mbili, futa plastiki kwa kitambaa kikavu. Zilizogandia usizivute, zichape upya.

Ninachapa mara moja kwa mwezi, na kila mara kuna mistari myeupe. (Njombe)

Vitundu vya wino vinakauka. Chapa ukurasa mdogo wa rangi zote kila wiki. Zima printa kwa kitufe chake, si ukutani, ili kichwa kirudi kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, iwashe ukirudi, kisha uizime vizuri. Mistari ikitokea, safisha kichwa mara moja na uchape ukurasa wa majaribio. Rudia hadi mara tatu, kisha iache saa kadhaa. Kila usafishaji hunywa wino, na wino huo wote huishia kwenye sponji ya taka ndani ya printa, ambayo nayo hujaa.