Bamia, ute na goti linalolia

SWALI: Daktari, salaam. Nina miaka 58, nauza chapati hapa Tanga. Miezi 7 sasa magoti yananiuma, hasa nikishuka ngazi au nikiinuka kwenye kigoda, na yanalia. Nimepigwa picha nikaambiwa yanasagika. Jirani anasema ute umekauka, niloweke bamia usiku ninywe maji yake asubuhi. Nimeacha kutembea nisije nikayamaliza. Natumia dawa ya presha.

JIBU: Shikamoo mama. Bamia ni mboga nzuri, endelea kuila, ila utelezi wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Hauna njia ya kufika gotini. Ute wa goti hutengenezwa na utando ulio ndani ya kiungo chenyewe.

Kilichokuponza ni kuacha kutembea. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Hupata lishe kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo: ukikanyaga hukamuliwa, ukiinua mguu hufyonza ute. Goti lililolazwa linashinda njaa. Tena misuli ya mbele ya paja hunywea, na ndiyo inayoupokea uzito wako ukishuka ngazi. Mlio wenyewe usikutishe.

Tafuta kiti imara kinachofika usawa wa goti, ukiegemeze ukutani. Kaa ukingoni, panua miguu usawa wa nyonga, inama mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, simama. Kisha keti polepole ukihesabu hadi 3. Fanya mara 8, pumzika dakika 1, rudia mpaka itimie mizunguko 3. Siku 3 kwa wiki zinatosha. Ikiwa ni vigumu, weka mto mgumu juu ya kiti. Wengi hukosea kwa kuacha magoti yaangukie ndani, au kwa kujitupa kitini. Kule kushuka polepole ndiko kunakojenga paja.

Kuuma kidogo wakati wa zoezi si hatari. Kipimo ni kesho yake: maumivu yakirudi hali yake ya kawaida ndani ya saa 24, endelea. Yakizidi, au goti likivimba, punguza idadi lakini usiache. Usitegemee nafuu kubwa kabla ya wiki 6.

Kutembea anza na dakika 10 kwenye tambarare, uongeze 5 kila wiki. Kwenye ngazi, ukipanda tanguliza mguu wenye nafuu, ukishuka tanguliza unaouma zaidi. Ukihitaji mkongojo, ushike kwa mkono wa upande wa pili wa goti bovu. Wengi huushika upande ule ule, na hapo hauwasaidii vizuri.

Kigoda nacho kiache. Jengea jiko kijukwaa cha matofali ili usukume na kuchoma ukiwa kwenye kiti cha kawaida. Kama una uzito uliozidi, kila kilo 1 utakayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua.

Dawa: jeli ya diklofenaki, ya kupaka, ndiyo ya kuanza nayo. Vidonge vyake hupandisha presha, huumiza figo na kuleta vidonda vya tumbo, kwa hiyo usivinunue dukani bila kumwambia mfamasia habari ya presha yako. Goti likiwa jekundu na la moto huku una homa, likikwama lisinyooke, au ukishindwa kabisa kulikanyagia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Nina miaka 24. Nimeanza kukimbia kilomita 5 kila siku, wiki ya tatu sasa, na mbele ya goti panauma nikikaa muda mrefu kwenye daladala. Nipumzike mwezi mzima?

JIBU: Hapana, umepandisha mzigo haraka mno. Rudi kilomita 2, siku 3 kwa wiki, na ufupishe hatua ili mguu utue karibu na mwili. Maumivu ya namna hii hutoka nyuma ya pia ya goti, kile kifupa cha mviringo kilicho mbele yake, na mara nyingi nyonga dhaifu huchangia. Lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, mara 12, mizunguko 3 kila upande. Na usikimbie ukingoni mwa barabara iliyoinama upande mmoja, maana mguu mmoja hubaki chini safari nzima.