Riwaya ya wawindaji wa mazimwi Dodoma: kabla ya zimwi, tuambie nani analipa

Mleta mada, salaam. Umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama riwaya ya mapigano kuhusu wawindaji wa mazimwi wanaofanya kazi hiyo kwa malipo inaweza kukubalika ikiwekwa Dodoma, au uipeleke Dar au ng'ambo kama wadau wengine walivyokushauri. La pili, utafanyaje ili mapigano yasimchoshe msomaji. Mimi naandika hadithi za mfululizo za aina hiyohiyo, nauza vipande kwa wasomaji wa WhatsApp, na naishi Nkuhungu, hapahapa Dodoma. Nitajibu kwa niliyoyaona.

Iache hapahapa Dodoma. Wanaokutuma Dar wanadhani zimwi bila bahari na vichochoro haliwezi kuishi. Sisi tuna mji uliomea juu ya malisho na mashamba ya watu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa 1973, lakini watumishi wamekuja kwa wingi kuanzia 2016, na hadhi ya jiji tumepewa 2018. Kwa hiyo mtaa mmoja unakuta afisa aliyehamia juzi amepewa kiwanja chenye mbuyu mkubwa katikati, anataka kuukata ajenge uzio, na mzee wa Kigogo jirani yake anakuja kila asubuhi kumwambia "mbukwa", ile salamu ya Kigogo, anautazama ule mbuyu, anaondoka bila kusema neno. Hapo zimwi halijatokea na mimi msomaji tayari nataka kujua.

Ila nakuomba, usianze na yule tembo aliyekunywa maji akazama, anayesemekana kuupa mji jina. Kila anayeandika kuhusu mji huu anaanza naye.

Sasa tuje kwenye kiini. Hadithi nyingi za aina hii ninazotumiwa nizisome zinakufia njiani kwa sababu mwandishi ameanza na zimwi. Lina meno, linararua, linanuka. Haya. Ukifika sura ya nne limerarua watu wengi, na mimi nimeshazoea. Lakini wewe umesema watu wako ni wa kazi, wa kulipwa. Basi tuonyeshe kazi yenyewe. Nani amewaita, kwa barua ya nani, posho ni kiasi gani, risasi zimesainiwa wapi, na wasipoliua nani atawadai.

Mjomba wangu alikuwa askari wa wanyamapori katika wilaya moja ya kanda hii ya kati, na nusu ya ninayoyaandika nimeyachota kwake. Tembo wakiingia kwenye mtama usiku, mwenye shamba anampigia mwenyekiti wa kitongoji, huyo anampigia mtendaji wa kijiji, taarifa inapanda hadi wilayani, na wilayani gari lipo ila halina mafuta. Askari wakifika, kabla ya lolote wanasaini kitabu cha wageni kwenye ofisi ya kijiji. Kisha ni kukesha: tochi, baruti za kelele, kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu kuzunguka shamba. Bunduki kubwa ya .458 wanayo, lakini mjomba alikuwa anasema risasi moja ikitoka, maelezo yake yanajaza karatasi mbili. Asubuhi ndiyo fomu. Mazao yakiliwa, mwenye shamba anaomba kifuta jasho. Mtu akiuawa, familia inaomba kifuta machozi. Mjomba aliwahi kumjazia mjane fomu hiyo juu ya goti lake, huku watoto wamekaa pale wanamwangalia.

Chukua utaratibu huo wote, mtoe tembo, weka zimwi. Hubadilishi kitu kingine. Kampuni ya wawindaji wako iwe na TIN, iwe na mashine ya risiti, iwe imesajiliwa NeST, ule mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni, kama mzabuni yeyote wa serikali tangu 2023. Kategoria ya kuondoa mazimwi haipo, kwa hiyo wameingia kwa mlango wa kufukiza wadudu. Zabuni inatangazwa, mshindani wao anaweka bei ya kutupa, na kila mtu anajua atakwenda na vijana wawili na mapanga. Kwa hadithi ya mapigano utashangaa jinsi risiti inavyoweza kumtesa mhusika kuliko risasi. Katika mfululizo wangu, kipande kilichorushwa sana na wasomaji hakikuwa kile cha dubwana kupasua bajaji barabarani Majengo. Ni kile ambacho wawindaji wanarudi na kichwa chake kwenye kiroba, wamefungwa bandeji, halafu mhasibu anafungua mkataba na kuwasomea: "likiwa hai."

Kuhusu zimwi lenyewe, chagua kwa makini sana. Nchi yetu si mahali pa kuchezea neno "mchawi." Tumeona vikongwe wakiuawa kwa sababu ya macho mekundu, wakati macho hayo yameharibiwa na moshi wa kuni. Tumeona ndugu zetu wenye ualbino wakikatwa viungo. Ukiandika shujaa anayemfyatulia risasi bibi kizee "aliyekuwa zimwi kweli", mimi sitasoma, na nitawaambia wengine wasisome. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa 1928 na ambayo bado iko vitabuni, inamhesabu kuwa mkosaji hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Itumie hiyo. Mwindaji wako anajua dubwana limetumwa, anahisi limetumwa na nani, lakini akilitamka jina hilo hadharani, yeye ndiye anayeweza kulala mahabusu.

Na mkoa wa jirani umekupa mfano wa kuumiza kichwa. Singida, miaka ya 1940, watu walikuwa wanauawa na maiti zina alama za makucha, kila mtu anasema simba. Baadaye watu wakafikishwa mahakamani kwa mauaji hayo, wale walioitwa watu-simba. Miaka hiyohiyo kule Njombe simba wa kweli walikuwa wanakula watu, bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, George Rushby akapewa kazi ya kuwamaliza, na wanakijiji wakamwambia simba hao wana mwenyewe anayewatuma. Kesi mbili, uvumi uleule, majibu tofauti kabisa. Mwindaji wako akifika eneo la tukio, swali lake la kwanza liwe hilo: hapa ni mnyama, ni mtu, au ni kile kingine ninacholipwa kwa ajili yake?

Ukikosa zimwi, rudi kwa nunda. Ngano ile ya pwani wengi tunaikumbuka kwa yule kijana anayeua mnyama mmoja baada ya mwingine na kila mara mama yake anamwambia siye. Lakini tunasahau mwanzo wake. Nunda alikuwa paka wa sultani. Alikula ndama, watu wakalalamika, sultani akasema paka wangu, ndama wangu. Akala mbuzi, akala watu, sultani bado anamkingia kifua, mpaka alipokula watoto wa sultani mwenyewe. Halafu weka ngano hiyo katika makao makuu ya nchi, mwenye kulipa wawindaji awe ndiye aliyemfuga, ofisi yake iwe Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, katika jengo jipya la vioo. Sikupi zaidi, nisije nikakuandikia kitabu chote.

Mapigano nayapitia haraka, maana ukishapata hayo ya juu yanajiandika. Tumia ardhi. Nyumba ya tembe ina paa bapa la udongo, kitu kizito kikitembea juu usiku, vumbi linawadondokea waliolala chini, wanajua kimefika kona gani. Makorongo ni makavu karibu mwaka mzima, ni barabara za kukimbilia, halafu mvua ya Januari ikinyesha mbali bila wewe kuiona, maji yanakuja na magogo. Upepo wa Septemba unafuta nyayo na unabadili harufu. Gobole linapiga mara moja, kisha ni kumimina baruti na kushindilia huku mikono inatetemeka, kwa hiyo risasi ya kwanza iwe na uzito. Na sasa kuna treni ya SGR tangu 2024, yenye nyaya za volti 25,000 juu ya reli. Nina sura moja inayotumia nyaya hizo, usiniibie, tafuta yako.

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia 2006, utatamani kuitumia. Wapo watu wanaokwenda Mongomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo ya michoro hiyo, kufanya matambiko mpaka leo. Wahusika wako wakipita pale, wasiulize lolote kabla ya kusalimia wenyeji, na wasipige risasi.

Shujaa kuwa komandoo mstaafu, kama ulivyodokeza mwishoni, mimi naona tumeshamchoka. Mfanye mama wa makamo aliyewahi kuwa karani wa mifugo, anayejua fisi anaanza kula wapi na mtu mwenye kisu anaanza kukata wapi. Ukishaandika sura yake ya kwanza itundike hapa nitaisoma, ila usinitumie kitabu kizima kwa mkupuo, simu yangu inajaa.