Kwa nini mtoto bado anaogopa punda

Mama uliyeuliza kwa nini mwanao aliyepigwa teke na punda hapo Lamu bado anatetemeka akisikia kwato kichochoroni, na jeraha lilishapona: huko si kudeka. Hiyo ni kazi ya amigdala, vifundo viwili vya umbo la lozi, kimoja kila upande, ndani kabisa ya ubongo usawa wa masikio, mbele tu ya hipokampasi, sehemu inayosaidia kutunza kumbukumbu. Mlio wa kwato huingia sehemu ya pembeni ya amigdala, ambako siku ile ulifungamana na maumivu. Sehemu ya kati ya amigdala ndiyo huamrisha haipothalamasi, inayoongoza homoni za mwili, na shina la ubongo, linaloongoza mapigo ya moyo na pumzi: moyo mbio, misuli kukaza, hata kabla hajawaza.

Kumbukumbu hiyo haifutiki kirahisi. Kinachofaa ni sehemu ya mbele ya ubongo ijifunze kuituliza. Amtazame punda aliyefungwa, kwa mbali, akae papo hapo mpaka hofu ishuke. Kesho asogee kidogo. Msimlazimishe kumgusa, tafadhali, wala msimkimbize nyumbani hofu ikiwa imepanda. Yote mawili huizidisha. Akikosa usingizi au akikataa shule, mpelekeni kwa daktari.