Baba mkwe alisema ni ndimu

Mhariri, salaam. Wiki hii mmetuuliza: "Ukiwa na mashine ya espreso nyumbani, unanunua mchanganyiko gani wa kahawa iliyokwisha kukaangwa, na kwa nini huo?" Swali nimelisomea jikoni, wali wa nazi ukiwa motoni, na nusura uniungulie.

Kilichonichoma ni hilo neno mchanganyiko. Kwetu Malindi ukisikia kitu kimechanganywa, ujue kimeghushiwa. Maziwa yamechanganywa, yaani yametiwa maji. Asali imechanganywa, basi hiyo ni sukari guru. Bizari usiinunue kwa mtu usiyemjua, utakula unga wa mahindi. Sasa mtu ananiuliza nachagua mchanganyiko gani wa kahawa, nchi yenyewe ndiyo hii inayolima kahawa wanayoigombania Wazungu! Nikachukua kalamu niwajibu kwa sentensi moja: nunueni kahawa ya Kenya, ile ya daraja la AA, tupu, msiitie kitu. Nilipofika hapo nikamkumbuka baba mkwe, na jibu likaniharibikia.

Nijieleze kidogo. Nilifanya kazi ya upishi miaka tisa kwenye nyumba ya Wataliano upande wa Casuarina. Wataliano kwetu si wageni. Wazee wanawajua tangu miaka ya 1960, walipoweka mitambo yao ya San Marco baharini kule Ngomeni na mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka pale. Ndiyo maana Malindi utamkuta muuza samaki anapatana bei Kitaliano na hajawahi kukaa darasani. Sinyora wangu alipoondoka moja kwa moja, vitu vingi aliviuza, ila mashine ya kahawa alinipa mimi. Ni ndogo, ya nyumbani, ina pampu, na kile kichujio chenye mkono unaokifunga kwa kukizungusha. Siyo lile birika la moka la kuweka juu ya jiko ambalo watu wengi hapa huliita espreso. Moka inasukuma maji kwa mvuke kidogo tu. Espreso inataka nguvu kama mara tisa ya hewa hii tunayovuta, na maji ya moto yasiyofika kuchemka. Mimi hutia gramu 18 za unga, nashindilia, na zikipita sekunde 25 hadi 30 nataka nipate gramu 36 kikombeni. Ikitoka mapema zaidi inakuwa chachu na nyepesi. Ikichelewa inaunguza koo.

Basi nikajiambia, sinyora kaondoka na pakiti zake nyekundu za Lavazza, mimi sasa nitakunywa ya kwetu. Nikaagiza Nairobi nusu kilo ya AA kwa mtu anayekaanga mwenyewe. Ilikuja kwa basi, imefungwa kwenye mfuko wenye kile kitundu cha kutolea hewa, na siku ya kukaangwa imeandikwa kwa kalamu. Nilipoufungua, nyumba nzima ilinukia. Punje kubwa, sawasawa, rangi ya hudhurungi isiyoiva sana. Nikajiona nami nimefika.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la katikati. Sisi tunakaa Shela, Shela yetu ya Malindi, siyo ile ya Lamu, na baba mkwe huja kwetu baada ya tarawehi. Huyu mzee ameuza kahawa chungu tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Dele lake, lile birika la shaba lenye mkaa chini, ninalo hadi leo, liko juu ya kabati, amekataa lisiuzwe. Alikuwa akitembea nalo kutoka msikitini hadi sokoni, mkono mmoja dele, mkono mwingine vile vikombe visivyo na mkono, anavigonga ka-ka-ka, watu wanajua kahawa inapita. Kwa hiyo mfikirie mimi, mke wa mwanawe, ninamwandalia mtu huyo kahawa.

Nikaweka mkeka, sahani ya tende, kaimati zilizobaki za futari, bilauri ya maji. Nikasaga, nikashindilia, nikawasha. Shemeji zangu wawili walisimama mlangoni wanatazama mashine kama wanaotazama mtu akizalishwa. Kahawa ikatoka nyembamba kama mkia wa panya, rangi ya asali. Nikamtilia kwenye kikombe chake mwenyewe cha kahawa chungu, kwa heshima, nikapiga goti kidogo nikampa.

"Karibu, baba."

Akavuta fundo moja kwa sauti, vile wanavyokunywa wazee. Akatulia. Akachukua tende. Akavuta la pili. Akaweka kikombe chini taratibu, akageuka kwangu.

"Mwanangu, ndimu umetia wewe au imekuja nayo?"

Shemeji mmoja akatoka nje kwenda kucheka. Mimi nikasema hakuna ndimu, baba, ni kahawa tupu, AA, daraja la juu kabisa. Akaniambia nimletee zile punje. Nikamletea kwenye kisahani. Akachukua moja, akaitazama kwenye taa, akaing'ata kwa meno ya pembeni, akatafuna.

"Kubwa," akasema. "Kweli ni kubwa."

Hakusema neno jingine juu ya kahawa usiku ule. Kikombe alikimaliza, kwa sababu ni mtu wa adabu, lakini alitumia tende saba. Nilizihesabu kokwa wakati wa kuosha vyombo.

Usingizi ulinikataa. Lile neno "kubwa" halikunitoka, na baadaye nilipouliza watu wanaojua nikaelewa mzee alisema kweli tupu bila kukusudia kunifundisha. AA ni ukubwa wa punje. Kahawa inapitishwa kwenye chekecheke, zile zinazobaki kwenye matundu makubwa ndizo AA, zinazofuata AB, na zile za mviringo zinazokaa peke yake kwenye tunda zinaitwa PB. Ladha hupimwa mbali, kwa kuonjwa. Punje kubwa mara nyingi ni nzuri, sikatai, lakini herufi zile mbili hazikuambii kama itakufaa kwenye mashine. Na kahawa yetu nyingi, hasa ile ya miti ya SL28 na SL34 iliyochaguliwa na Scott Laboratories miaka ya 1930, sifa yake kubwa ni huo uchachu, kama zabibu mbichi. Mtu akiichuja taratibu kwa karatasi, kikombe kikubwa, ule uchachu ni raha. Espreso haina huruma hiyo. Kilichotawanyika kwenye kikombe kizima inakibana kwenye mafundo mawili. Ikiwa imekaangwa kidogo vile, lazima upate ndimu.

Jioni ya pili mzee akaja kabla ya magharibi, ana karatasi ya kaki mkononi. Ndani mna kahawa yake ya nyumbani, nyeusi karibu na mkaa. "Tia fungu moja la hii kwa matatu ya ile yako." Nikaogopa kwa sababu mbili. Kwanza, kahawa iliyokaangwa hadi ikang'aa mafuta hugandamana kwenye kinu cha kusagia. Pili, nilikuwa bado na kiburi changu. Nikamuuliza ni kahawa gani hii.

"Mbuni na ya Uganda," akasema.

Kwa wasiojua: mbuni ni ile kahawa inayokaushwa na ganda lake bila kumenywa wala kuoshwa, mkulima huipata kwa tunda lililobaki mwisho wa msimu, na bei yake ni ya chini. Ya Uganda aliyokusudia ni robusta, ile ile wanayolima pia Bukoba. Miaka yote ile watu wa Malindi wakisifu kahawa ya mzee huyu, walikuwa wakisifu mchanganyiko wa vitu viwili ambavyo mimi nisingevitia mfukoni mwangu.

Futari ilipokwisha nikajaribu. Ilitoka polepole zaidi, na juu ikaja krema nene, ukiitia sukari inakaa kidogo kabla ya kuzama. Robusta ndiyo inayoleta povu hilo kwa wingi, na nguvu ya kukesha ndani yake ni karibu mara mbili ya arabika, yaani aina ya ile AA yangu. Mzee akavuta fundo. Tende hakuigusa.

"Sasa imekaa."

Nikaenda kabatini nikatoa pakiti moja nyekundu ya sinyora, tupu, niliyokuwa nikiwekea vibanio vya nguo. Nyuma imeandikwa wazi: arabika na robusta. Miaka tisa nimeifungua pakiti hiyo kila asubuhi na sikuwahi kuigeuza.

Kwa hiyo swali lenu, la mchanganyiko gani, mimi naona limekuja mapema. Kwanza jiulize anayekunywa ni nani. Mzee aliyezoea kahawa chungu, au kijana anayetaka maziwa mengi juu, wote wawili mpe yenye robusta robo hivi na iliyokaangwa kuelekea weusi. Maziwa huimeza arabika nyepesi isionekane. Anayependa kuonja uchachu na harufu ya maua, huyo mwache na AA yake. Wapo, nami siku nyingine ni mmoja wao, asubuhi nikiwa peke yangu.

Pili, tarehe. Hapa sina mjadala. Niliwahi kununua mjini, duka nisilolitaja, mfuko mzuri wenye picha ya simba na maandishi ya dhahabu. Umeandikwa mwisho wa kutumika mwaka ujao, lakini siku ya kukaangwa haipo popote. Ilipita kwenye mashine sekunde kumi na mbili, krema hakuna, rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Mimi nataka kahawa iliyokaa kama wiki moja tangu ikaangwe, maana ikiwa ya jana imejaa hewa na inatoka mapovu matupu, na niimalize kabla ya wiki ya sita. Ukishafungua mfuko pwani hii, na unyevu wetu, hesabu wiki mbili. Wakati wa masika hata kinu hukasirika: kipimo cha kusaga cha jana leo hakifai. Na usiiweke kwenye friji, friji ya Malindi ina samaki, changu na kolekole.

Tatu, maji, ingawa hamkuuliza. Nilitia ya kisima cha uani, ya chumvichumvi, mashine ikaziba mpaka fundi akaizibua kwa siki. Sasa natumia ya kununua kwa mtungi.

Baada ya haya yote, nawashauri mchanganye wenyewe: kahawa ya Kenya iliyokaangwa wastani, mafungu matatu, robusta ya Uganda au ya Bukoba fungu moja, isiwe imeungua kama ya mzee. Huo ndio ushauri wangu na nausimamia. Ila uwe na kinu. Bila kinu kizuri yote niliyoandika ni bure, na ni afadhali ununue ya Kitaliano iliyosagwa tayari kiwandani, uifungue siku ile ile uliyoihitaji, maana kahawa iliyosagwa dukani na kukaa kwenye mfuko wa karatasi hufa upesi.

Na hapo lazima niseme ukweli, kwa kuwa nimeanza barua kwa kuwatukana. Kinu changu kimevunjika jino tangu mwezi uliopita na kipuri hakijafika. Kabatini kwangu sasa hivi mna pakiti nyekundu. Mzee, ambaye siku hizi daktari amempangia kikombe kimoja kwa siku kwa sababu ya presha, anakunywa hiyo hiyo kila jioni, anaisifu, na anaamini ni mbuni yake. Mhariri, nakuomba usichapishe jina langu. Hasomi tena, macho yamechoka, lakini gazeti lenu mjukuu wake humsomea.