Tunahamia Johannesburg na watoto: tuchukue nyumba ipi?

SWALI: Assalamu alaikum kaka. Mume wangu amepata kazi Johannesburg, na kampuni itatulipia nyumba. Tuna watoto watatu: wa kwanza ana miaka 14, wa pili 9, kitindamimba 4. Dalali ametutumia picha za nyumba mbili. Moja iko peke yake, ina ua mkubwa na miti, na kodi yake ni nafuu. Nyingine ni ndogo, imo ndani ya mtaa uliozungushiwa ukuta wenye mlinzi getini. Wanangu wamekulia vichochoroni, hawajui kufungiwa, kwa hiyo moyo wangu uko kwenye ua. Lakini ninayoyasikia yananinyima usingizi. Tuchukue ipi, na watoto niwafundishe nini?
Mama wa watatu, Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaikum salaam dada. Chukueni ile ndogo. Nilifanya kazi ya ulinzi Johannesburg miaka saba kabla ya kurudi Malindi, na angekuwa dada yangu wa tumbo moja anayeuliza ningemjibu hivyo hivyo.

Hofu yako ina msingi. Katika mwaka wa 2022/2023 polisi wa Afrika Kusini waliandikisha mauaji zaidi ya 27,000, na magari zaidi ya 22,000 yaliporwa mikononi mwa madereva. Mkoa wa Gauteng, ambamo Johannesburg imo, ndio unaoongoza kwa uporaji huo. Ila mauaji mengi huanzia kwenye ugomvi, aghalabu baina ya watu wanaojuana. Familia kama yenu huwindwa zaidi na waporaji, na mahali wanapopapenda ni getini. Ya nini mtu ahangaike na ukuta wenye waya wa umeme, ilhali anaweza kungoja umfungulie wewe mwenyewe?

Kwa hiyo nyumba ikaguliwe kuanzia getini. Mume wako anatangulia, basi asiende na dalali saa nne asubuhi tu, arudi tena magharibi. Atazame kama taa zinamulika barabara au zinamulika ukuta, na kama kuna kichaka au gari bovu la mtu kujificha. Kisha aombe umeme uzimwe kwenye swichi kuu, halafu geti lifunguliwe na kufungwa mara kumi mfululizo. Mageti ya kule huendeshwa na mota yenye betri ya akiba. Mwaka 2022 umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu siku nyingi, na 2023 karibu kila siku, na nyumba nyingi nilizoitwa usiku zilikuwa na betri iliyokufa: baba ameshuka garini anasukuma geti kwa mikono, mama na watoto wamebaki ndani ya gari, mlango wazi. Betri ikishindwa mara ya sita, mwenye nyumba anunue mpya kabla hamjatia saini.

Mkishakuwa na gari, jizoeze kutazama kioo cha nyuma kabla ya kuingia mtaa wenu. Gari usilolijua likikufuata kona mbili, usiende nyumbani, pitiliza hadi kituo cha polisi au cha mafuta chenye watu. Ukifika salama na geti halijafunguka, ngoja barabarani, usiingize gari kwenye njia ya geti, maana ukizibwa nyuma huna pa kutokea.

Na hili la mtoto mdogo ulishike sana. Kiti chake kiwe nyuma ya dereva. Waporaji wakikutoa garini, toka na ufunguo mkononi. Wao wanataka gari, wewe unamtaka mwanao, na ufunguo ndio wa kubadilishana. Inua mikono, sema polepole, "Mtoto, nyuma," umfungue mkanda, umbebe, kisha wape. Usiwakazie macho, usibishane, usiupiganie mkoba. Fanyeni zoezi hilo mkiwa mmeegesha ndani, mara nyingi, hadi vidole viijue njia ya ule mkanda. Mkono unaotetemeka hukwama pale pale kwenye kifungo.

Ndani ya nyumba mtakuta nondo madirishani, na pengine geti la chuma linalotenga vyumba vya kulala na sebule. Lifungeni usiku. Lakini nondo zinazomzuia mwizi huzuia pia kutoka moto ukiwaka, kwa hiyo ufunguo uning'inie kwenye msumari ule ule kila siku, mbali na dirisha, na wa miaka 9 aufikie bila kupanda kiti.

Watoto watakuumiza roho mwanzoni. Hapo Langoni mtoto akipotea, madaka matatu, vile vibaraza vya milangoni, yanajua amepita wapi, lakini kule majirani watamjua tu mkijipeleka. Wiki ya kwanza bisheni hodi kwa jirani wa kulia na wa kushoto, muombe kuingizwa kwenye kundi lao la WhatsApp la ulinzi. Huu ndio ubora mkubwa wa ile nyumba ndogo: ndani ya ukuta watoto watacheza nje na wenzao, wakati ua mkubwa ungewafunga peke yao. Wa miaka 14 asitembee simu ikiwa mkononi. Wekeni neno la siri la familia, la Kiamu kabisa, Kiswahili chenu cha Lamu. Yeyote atakayekuja shuleni kuwachukua bila neno hilo, hawaondoki naye, hata awe amevaa sare.

Namba wazijue kwa moyo: 10111 ya polisi, 10177 ya ambulensi, na 112 kwa simu ya mkononi.

Msiogope kutafuta watu. Mayfair na Fordsburg kuna misikiti na chakula cha halali, na Midrand upo msikiti wa Nizamiye, una shule pembeni. Ubalozi wetu uko Pretoria, mjiandikishe mapema. Wageni walishambuliwa mwaka 2008, na tena 2019, kwa hiyo mkisikia maandamano, siku hiyo kaeni nyumbani. Siku nyingine mlinzi wa getini msalimieni "Sawubona" na mjue jina lake.

Mume wako akishafika, anitumie picha ya geti iliyopigwa usiku, akiwa amesimama ng'ambo ya barabara. Nitaitazama kabla hamjalipa chochote.