Hita ya gesi bafuni na vichwa vilivyouma nyumba nzima

SWALI: Habari za kazi, fundi. Tulikodi nyumba ya likizo kwa siku nne, mimi, mke wangu na watoto watatu. Usiku wa kwanza, baada ya wote kuoga, kitinda mimba wetu alitapika na sisi wengine vichwa vikatuuma. Tukadhani ni chakula cha njiani. Mchana tukitembea nje tunapata nafuu. Usiku yakawa yaleyale. Hita ya maji ni ya gesi, imefungwa ndani ya bafu. Tena ukishika bomba la jikoni, umeme unakuchoma kidogo. Siku ya tatu tukaondoka. Mwenye nyumba anasema gesi ingevuja tungesikia harufu, na fedha harudishi. Je, tuliogopa bure?

JIBU: Pole sana, baba, wewe na familia yako. Hamkuogopa bure, na kuondoka ndiko kulikokuwa sahihi.

Mwenye nyumba anachanganya mambo mawili. Ile harufu kali hutiwa kwenye gesi ya kupikia makusudi, ili ikivuja kabla ya kuwaka watu waitambue. Ninachokishuku kwenu mimi ni kaboni monoksaidi, ambayo hutokea gesi inapowaka bila hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili unakosa hewa huku mtu anapumua kama kawaida. Kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea: ndivyo inavyoanza. Chakula kibaya hakikuachii ukitoka nje na kukurudia ukiingia ndani. Nyumba yenye sumu hiyo hewani hufanya hivyo hasa, na huwapata wote waliomo.

Hita kama hiyo huvuta hewa ya chumba kilekile. Madirisha yakifungwa, au bomba la moshi likiziba au kuchomoka, watu watano wakioga mfululizo wanatosha kabisa kuchafua hewa ya nyumba. Mwali wenye afya ni wa buluu. Ukiona wa njano, au masizi juu ya hita, zima. Lakini mwali wa buluu usikupe usingizi, maana bomba la moshi bado linaweza kuwa bovu. Kinachoweza kuwaamsha ni kengele ya kaboni monoksaidi. Ni ndogo, hutumia betri, hubebeka kwenye begi. Safari ijayo nendeni na yenu, iwe karibu na vyumba vya kulala.

Dalili zikitokea tena, msianze kutafuta chanzo. Toeni watu nje kwanza, kisha piga simu ya dharura. Hospitalini taja hita ya gesi kwa jina, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ya kawaida hata damu ikiwa imeshikwa. Kinahitajika kipimo cha damu. Kama yupo ambaye bado anaumwa kichwa au anasahausahau, au mama ni mjamzito, nendeni leo.

Lile bomba nalo si dogo. Bomba likikuchoma, kuna umeme unaovuja mahali na waya wa kuupeleka ardhini haufanyi kazi. Nyumba hiyo pengine haina hata kile kikata umeme cha miliampia 30, ambacho hukata mkondo kabla haujaua. Mkono mkavu unachomwa kidogo. Mtoto aliyelowa, pekupeku, anaweza kufa.

Kuhusu fedha, mwandikie mwenye nyumba, usimpigie simu. Eleza tarehe, saa na nani aliumwa nini, ambatanisha picha za hita na cheti cha hospitali kama kipo. Usidai kwamba mmethibitisha sumu, kwa kuwa hakuna aliyepima. Dai akuonyeshe ripoti ya fundi gesi na ya fundi umeme. Nakala ipeleke kwa wakala aliyewakodishia, kama yupo, na kwa zimamoto wa eneo lile, upesi, maana vitanda vile huenda usiku huu vina watoto wengine.